Dhamana, Mizani na Saini ya Shahidi

Swala la dhamana si la mahakimu na mawakili peke yao. Ni swala la uhusiano kati ya dola na raia, na kila kada hana budi kulielewa kwa kufuata historia yake.

Tulipojitawala mwaka 1961, Katiba haikuwekewa Haki za Binadamu. Hoja ilikuwa kwamba taifa changa lisifungwe mikono katika kujenga nchi. Mwaka 1962 ikatungwa sheria ya kuweka watu kizuizini. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi, ikatungwa sheria maalum iliyowanyima watuhumiwa dhamana na mawakili. Walanguzi walikuwapo kweli, na waliwanyonya wananchi. Lakini silaha isiyopambanua humpiga adui na asiye adui. Mwaka 1984 sheria hiyo ikafutwa, na makosa hayo yakawekwa chini ya Mahakama Kuu.

Mwaka huo huo Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba, zikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988. Msingi wake mmoja ni kwamba mtuhumiwa asitendewe kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Kwa msingi huo, mwaka 1991, katika kesi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu kimojawapo kilichokataza dhamana. Mwaka 2018, katika kesi ya Jeremia Mtobesya, ilibatilisha uwezo wa Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa cheti chake. Lakini mwaka 2020, katika kesi ya Dickson Sanga, Mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba orodha ya makosa yasiyo na dhamana ni halali. Basi mapambano hayaendi kwa mstari ulionyooka.

Sasa tutazame dawa za kulevya. Sheria ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1995, ilizuia dhamana kwa anayeshtakiwa kusafirisha heroini au kokeini kuanzia gramu 200, na bangi kuanzia kilo 100. Mwaka 2017 viwango vilishushwa hadi gramu 20 na kilo 20. Shabaha ni kumtenga mfanyabiashara wa sumu na mtu aliyekutwa na kiasi kidogo. Shabaha hiyo ni sahihi.

Lakini hapa ndipo penye mgongano. Uhuru wa mtu sasa unategemea mizani, na mzigo unaopimwa umo mikononi mwa yule yule aliyemkamata. Kwa hiyo hati ya ukamataji mali, shahidi huru wa upekuzi, na kumbukumbu ya kila mkono uliopokea kielelezo hadi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali si urasimu mtupu. Ndiyo kinga yenyewe ya uhuru. Mahakama ya Rufani ilisisitiza mnyororo huo wa kumbukumbu katika kesi ya Paulo Maduka mwaka 2009.

Nani huitwa kuwa shahidi? Polisi wakifika Dutumi, Kibaha, au kijiji kingine chochote, wakili hayupo. Anayeamshwa mara nyingi ni mwenyekiti wa kitongoji au balozi wa nyumba kumi, yaani kada. Akitia saini kwa mzigo ambao hakuuona ukitolewa, amemsaliti mnyonge. Mzigo ukiwa wa kweli, amemfungulia mlango mfanyabiashara mkubwa, kwa kuwa ushahidi mbovu huvunjika mahakamani.

Wajibu wa kada ni kushuhudia upekuzi mwanzo hadi mwisho, kuisoma hati, na kukataa kutia saini asichokiona.