Amosi na Gorogoro Iliyobonyezwa

Wasee, mnajua ile raha ya kusikia mtu akisomewa makosa yake, bora tu asiwe wewe? Huo ndio mtego Amosi aliwawekea watu wa Israeli, karibu mwaka 760 Kabla ya Kristo.

Nimekulia Kaaga, hapa karibu na mji wa Meru. Wamethodisti walifungua misheni huku mwaka 1912, kwa hivyo majina ya manabii yako kila boma. Kina Amosi peke yao nawajua watano. Lakini kitabu chenyewe, sura 9 tu, sijui mara ya mwisho nilisikia mtu akikihubiri Jumapili ya mavuno ni lini.

Amosi hakuwa mhubiri wa kazi. Alikuwa mfugaji kutoka Tekoa, huko Yuda, na alitunza mikuyu. Akavuka hadi ufalme wa kaskazini wakati wa Yeroboamu wa pili. Biashara ilikuwa imenoga, matajiri wanalala kwa vitanda vya pembe za ndovu. (Si chumvi. Samaria ilipochimbwa miaka ya 1930, vilipatikana vipande vingi vya pembe zilizochongwa.)

Sasa sikiza alivyowapanga. Akaanza na Dameski: mtahukumiwa. Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu, hao pia. Halafu Yuda, kwao mwenyewe. Naona umati ukipiga makofi, "waambie!" Kisha kidole kikawageukia wao. Na mashtaka yao hayakuwa ya vita. Ilikuwa kuuza maskini kwa bei ya viatu, kukaa ibadani huku unaangalia saa Sabato iishe urudi sokoni, kupunguza kipimo na kuchezea mizani.

Mizani! Huku kwetu hiyo si lugha ya mafumbo. Kahawa ilikuwa ya walowezi hadi miaka ya 1930, serikali ya kikoloni iliporuhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kuijaribu. Tangu hapo familia ngapi zimesimama mbele ya mizani zikitazama ule mshale? Shosho yangu alikuwa akifika nyumbani anasoma risiti mara mbili, kimya. Na viazi je? Sheria inasema gunia lisipite kilo 50, lakini broka bado anataka lumbesha, na mkulima anajaza tu kwa sababu lori litaondoka.

Juni 2024 nilipost sana. Wezi, wezi, wezi. Sijutii hata post moja. Ila jioni moja nikisoma Amosi nilikwama pale pa kipimo, kwa sababu nikiwa darasa la saba nilikuwa nauza maharagwe sokoni, na gorogoro yangu ilikuwa imebonyezwa chini kwa nyundo. Niliibonyeza mimi. Kila mteja alipoteza ngumi moja ya maharagwe, wengi wao ni mama wa kununua gorogoro moja ya wiki nzima. Hakuna aliyenipost.

Amosi alifukuzwa. Kuhani Amazia wa Betheli alimwambia arudi Yuda akale mkate wake huko, yaani rudi kwenu. Kenya tunaijua hiyo sauti: mwaka 1990 waziri mmoja alimwonya Askofu Alexander Muge asikanyage Busia. Alienda. Tarehe 14 Agosti, akirudi, alikufa kwa ajali ya barabarani.

Na Israeli? Mwaka 722 Waashuri waliichukua Samaria. Watu wengi walihamishwa, wenye vitanda vya pembe wakiwa ndani.

Ile gorogoro bado iko kwetu, mama huwekea kuku maji. Wiki jana nilijaribu kuigonga kwa ndani ili chini pawe sawa. Inakataa kunyooka vizuri.