GB za Bando, GB za Hifadhi

"Simu imejaa, mama," fundi alisema bila kuinua kichwa.

Banda lake liko karibu na stendi ya Katesh, na siku hiyo ilikuwa ya mnada, watu wamejaa. Mama mwenyewe alikuwa na kapu la vitunguu saumu vya Mbulu, na uso wa mtu aliyekwisha kudhulumiwa mara moja asubuhi hiyo.

"Imejaaje, na GB nimenunua jana?"

"Hizo za jana ni za bando. Zilizojaa ni za simu."

"Kwani mwanangu, GB ziko ngapi?"

Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nikaona mama ameuliza swali ambalo sisi tunaoshughulika na istilahi tumelikwepa kwa miaka mingi. GB ni moja tu: gigabaiti. Kinachopimwa nayo ndicho kiko zaidi ya kimoja, na hapo Kiswahili chetu cha kila siku hakijaweka mpaka.

Tuanzie chini. Chembe ndogo kabisa ya data ni biti, yaani moja au sifuri. Claude Shannon alilitumia neno hilo katika makala yake ya mwaka 1948, akaeleza kuwa aliyelipendekeza ni John Tukey. Ndani ya memori kadi mna vijumba vidogo mno vinavyonasa chaji ya umeme, na chaji hiyo ikipimwa husomwa kuwa moja au sifuri. Hubaki humo hata ukizima simu. Diski kuu za zamani hutumia sumaku: ikielekea huku ni moja, ikielekea kule ni sifuri.

Biti 8 zikishikana ni baiti. Neno hili lilibuniwa na Werner Buchholz mwaka 1956 akiwa katika kampuni ya IBM, na tahajia yake aliigeuza makusudi lisije likachanganywa na biti. Mwanzoni ukubwa wa baiti haukuwa umetulia. Nane ilikuja kushika baadaye. Kwa msomaji wa Kiswahili nane si ngeni. Mshororo wa utenzi una mizani 8, na malenga akiongeza ya tisa wasikilizaji hukunja uso.

Sasa andika jina la wilaya ilimo Katesh, Hanang. Herufi 6, baiti 6. Wengine huliandika Hanang', kwa ritifaa mwishoni, nazo huwa baiti 7. Lakini ukiandika kwa programu inayopenda kuipinda ritifaa iwe kama mkia wa koma, ile moja iliyopinda peke yake hula baiti 3 katika usimbaji wa UTF-8 unaotumika zaidi leo. Jina lile lile limefika baiti 9, na kwa macho huoni tofauti ya maana. Waandishi wa Kiiraqw, lugha ya huku, wana shida nyingine: sauti yao moja ya kooni huandikwa kwa mkwaju (/), na mkwaju, ingawa ni baiti moja tu, kompyuta haiukubali katika jina la faili.

Juu ya baiti kuna kilobaiti, megabaiti, gigabaiti. Viambishi hivyo tumevichukua kama vilivyo na sioni haja ya kuvibadilisha. Ugomvi uko kwenye hesabu. Huku sokoni gunia la mahindi watu hulijua kuwa debe 6, kisha anakuja mnunuzi na lumbesa, gunia limeshonewa kilemba, na Wakala wa Vipimo wanapiga marufuku kila mwaka. Gigabaiti nayo ina lumbesa yake. Mtengenezaji wa kadi huhesabu baiti 1,000,000,000. Kompyuta nyingi huhesabu kwa kuzidisha 1,024 mara tatu, zikawa 1,073,741,824, na bado huandika GB. Ndiyo maana kadi ya GB 64 ukiichomeka kwenye kompyuta ya steshenari inasoma 59.6. Hujapunjwa; baiti ni zile zile, kilichobadilika ni gunia. Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme ililipa gunia kubwa jina lake, gibibaiti. Neno zuri, ila sijamsikia muuza simu hata mmoja akilitamka.

Turudi kwa yule mama. GB za bando hupimwa zinavyopita, kama maji ya bomba kwenye mita. GB za simu hupimwa zinavyokaa, kama mahindi ghalani. Tena kuna GB za tatu, zile za RAM, mahali simu inapoweka kazi iliyo mikononi kwa wakati huo na kuiachia umeme ukikatika. Mafundi wetu huita mbili za mwisho "memori" bila kubagua, na vitabu navyo vikaziita zote kumbukumbu. Kwa maoni yangu, kumbukumbu ibaki kwa RAM. Ghala la picha na nyimbo liitwe hifadhi, na kipimo cha ghala hilo kiitwe ujazo, neno ambalo mtoto wa shule ya msingi analo tayari.

Fundi alifuta video 3 za harusi zilizojirudia, simu ikapumua. Mama akalipa, akaondoka akinung'unika kuwa bando lake bado linaisha. Nawe ukiambiwa GB zimeisha, usitoe pesa kabla hujauliza: za bando, za hifadhi, au za kumbukumbu?