Kutoka Mkataba hadi Kibali cha Kazi

Serikali ya Uingereza ilipoazimia kujenga reli kutoka Mombasa mpaka ziwa la Viktoria, haikuweza kuwachukua vibarua India kama ilivyopenda. Sheria ya Uhamaji ya India ya mwaka 1883 haikuruhusu watu kupelekwa kazi za mkataba ng'ambo ila katika nchi zilizotajwa, na Afrika Mashariki haikuwamo. Ikalazimu sheria yenyewe ibadilishwe, nayo ikabadilishwa mwaka 1896. Masharti yalikuwa dhahiri: kazi ya miaka mitatu, mshahara wa rupia 15 kwa mwezi pamoja na posho, na safari ya kurudi bila nauli. Mwenye kutafuta ruhusa wakati huo alikuwa mwajiri, si kibarua.

Hesabu ya mwisho yasomeka hivi. Walioletwa walikuwa 31,983. Katika hao walikufa 2,493. Waliorudishwa kwa ugonjwa au ulemavu ni 6,454. Waliorejea kwao mkataba ulipokwisha ni 16,312. Waliosalia ni 6,724. Simba wa Tsavo wamepata sifa nyingi vitabuni, na maradhi yaliyoua watu wengi kuliko simba hayakupata hata robo yake.

Wengi hudhani kuwa Wahindi wote wa Kenya ni wajukuu wa hao waliosalia. Sivyo. Sehemu kubwa ni uzao wa wafanya biashara, mafundi na makarani waliokuja kwa nauli zao wenyewe, na wengine walikuwako pwani zamani kabla ya reli. Lakini sheria za baadaye hazikuuliza babu alikujaje. Ziliuliza mjukuu ana hati gani.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, wale ambao hawakuwa raia kwa kuzaliwa walipewa miaka miwili waombe uraia. Wengi hawakuomba, wakashika pasipoti za Kiingereza. Kisha ikaja Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1967: asiye raia sharti awe na kibali cha kazi, na mwajiri aoneshe kuwa hapana raia awezaye kazi ile. Serikali haikukosa hoja, kwa kuwa Mwafrika alikuwa amezuiwa biashara na vyeo vingi enzi ya ukoloni. Hata hivyo karani aliyezaliwa Nairobi alijikuta akiomba ruhusa ya kukalia kiti alichokikalia miaka kumi.

Maelfu wakakimbilia Uingereza. Machi 1, 1968, baada ya mjadala wa siku chache tu, ikawa sheria huko kwamba mwenye pasipoti hiyo asiingie kwa hiari yake ila awe yeye, au mzazi, au babu yake, ana asili ya Uingereza. Waliobaki wakatengewa hati 1,500 kwa mwaka. Wako waliorushwa kwa ndege toka kiwanja hadi kiwanja, kila nchi ikiwakataa. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kuwa Uingereza ilikuwa imewabagua kwa rangi na kuwadhalilisha.