Moto wa Rubona na Vyeti Vyake

Rubona iko ufukweni mwa Ziwa Kivu, Rwanda, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi. Wageni huijua kwa samaki wadogo waitwao sambaza, kwa chemchemi za maji moto na kwa kiwanda cha bia cha Bralirwa kilichoanzishwa mwaka 1957. Mimi naijua kwa habari za moto na gesi. Watu wa hapa walijifunza kuishi na vitu hivyo viwili muda mrefu kabla ya Polisi ya Taifa, iliyoundwa mwaka 2000, kuwa na kikosi chake cha zimamoto na uokoaji. Ujuzi wao ni ujuzi wa kweli, nao unastahili cheti.

Mwaka 1963 Wabelgiji wa Union Chimique Belge walijenga hapa Rubona mtambo wa kuvuna methani ya Ziwa Kivu. Maji ya kilindini yamebeba kama kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za hewa ya ukaa. Bomba lilishushwa ziwani na maji yakavutwa kidogo kwa pampu. Yakipanda, mgandamizo hupungua, gesi hutoa mapovu kama soda iliyofunguliwa, na mapovu yenyewe huyanyanyua maji. Pampu haihitajiki tena. Huku juu gesi ilioshwa kwa maji ili hewa ya ukaa ipungue, kisha methani ikaenda kuwasha boila za kiwanda cha bia.

Fikiria mtu anayelinda mtambo wa namna hiyo zamu ya usiku. Methani ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15, cheche moja inatosha kuilipua. Haina harufu, lakini gesi ya Kivu huja na salfa kidogo inayonuka yai viza. Harufu hiyo ikizidi, pua hufa ganzi, na anayedhani imekwisha ndiye aliye hatarini. Kuna pia mazuku, hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, upande wa Goma, Kongo, na upande wetu. Taa ikishushwa humo huzimika. Mbuzi akiingia haamki. Hewa hiyohiyo hujaa katika matangi ya kuchachushia bia. Vyuo vya zimamoto hufundisha somo hili chini ya kichwa cha uokoaji katika sehemu finyu. Hapa mtoto wa mvuvi huanza kulisikia akiwa bado anachota maji.

Lakini barua za kazi za kizazi cha wazazi wetu zilitaja cheo na miaka tu. Hazikusema mtu alijua kufunga valvu ipi kwanza.

Mimi nilifundishwa kuzima moto na kampuni moja ya mafuta ng'ambo ya mpaka, Goma. Tulifundishwa kusimama upepo ukiwa mgongoni, kufunika petroli kwa povu bila kuitibua kwa maji ya kasi, kupoza tangi la jirani kabla halijashika. Niliporudi kuomba kazi nyumbani, ofisi niliyoiendea iliitazama karatasi yangu ya Kifaransa, ukurasa mmoja wenye muhuri, ikauliza: shule gani, mtaala upi, saa ngapi darasani? Nikaambiwa nianze mwanzo. Hakuna aliyeniomba nishike mpira wa maji. Niliona si haki, na leo bado naona hivyo.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipasuka, lava ikapita katikati ya Goma, na watu kwa maelfu wakavuka kuja Gisenyi. Siku hiyohiyo, Ufaransa ilitia saini sheria iliyompa mfanyakazi haki ya kupata diploma kwa ujuzi alioupata kazini, baada ya kuuthibitisha mbele ya jopo. Siku chache baadaye kituo cha mafuta kililipuka Goma, kando ya lava iliyokuwa bado moto, watu wakichota mafuta. Waliokufa walikuwa makumi. Mtu yeyote aliyefundishwa pale nilipofundishwa mimi angewaondoa watu wale, kama angekuwa na sare ya kumfanya asikilizwe.

Rwanda nayo imeanza njia hiyo ya Ufaransa, ya kuthibitisha ujuzi wa kazini. Chini ya WDA, mamlaka ya zamani ya kuendeleza nguvukazi, na sasa chini ya Bodi ya TVET, yaani ya mafunzo ya ufundi, iliyoundwa mwaka 2020, waashi, mafundi bomba na wachomeleaji hupimwa wakiwa kazini na kupewa cheti, na STECOMA, chama cha wafanyakazi wa ujenzi, kimewasaidia wengi wao. Nchini Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, hufanya vivyo hivyo kwa mafundi waliojifunzia mtaani. Sioni kwa nini mzimamoto aachwe nyuma. Najua wanaopinga husema kosa la mwashi huonekana ukutani ilhali kosa la mzimamoto huua. Ni kweli, na ndiyo sababu nataka mtihani uwe mkali. Miaka peke yake isimpe mtu cheti.

Mtahini aje hapa. Aulize: taa imezimika shimoni, mwenzako ameanguka ndani, unafanya nini? Anayejibu kwamba ataruka kumtoa asipewe kitu, hata awe na miaka ishirini kazini. Anayeanza kwa kumzuia mtu wa tatu asiingie, kisha akaulizia mtungi wa hewa na kamba, aandikiwe somo hilo kuwa amelimaliza. Afundishwe yaliyobaki: ngazi ndefu, majengo ya ghorofa, kukata gari lililombana dereva.