Tuta la Ufipa na Siri ya Mizizi

Nchi ya Ufipa, iliyoinuka baina ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Rukwa, na ambayo mji wake mkubwa ni Sumbawanga, ni nchi ya nyasi nyingi na miti michache. Wabemba, majirani walio kusini, walikata matawi wakayachoma ili majivu yarutubishe udongo. Mfipa alizitegemea nyasi. Mvua zilipokaribia kwisha, alipindua mabonge ya udongo pamoja na nyasi zake, akazifunika zioze ndani ya tuta la mviringo liitwalo intumba. Juu yake alipanda maharage. Msimu uliofuata alilibomoa tuta, akautandaza udongo, akasia ulezi. Roy Willis, mjuzi wa mila za watu kutoka Uingereza, aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960, aliyaandika maisha ya wakulima hao.

Kwa nini maharage yatangulie? Nyasi zianzapo kuoza, vijidudu vya udongo huishika naitrojeni, na mimea hubaki na njaa. Ulezi ungedhoofika. Lakini mharage una njia yake. Mwaka 1888 Hellriegel na Wilfarth, Wajerumani, walieleza kwamba jamii ya kunde hupata naitrojeni ya hewani kwa vinundu vya mizizini. Mwaka huo huo Beijerinck wa Uholanzi aliwatenga bakteria wakaao humo. Wito wenyewe ulijulikana baadaye sana. Katika miaka ya 1980 ilibainika kuwa mzizi hutoa kemikali ziitwazo flavonoidi. Bakteria hujibu kwa kemikali yao, ambayo umbo lake lilitambuliwa mwaka 1990, na kwa jibu hilo vinyweleo vya mzizi hujipinda na mzizi huumba kinundu. Naitrojeni ikizidi udongoni, mzizi huzuia vinundu. Basi ile njaa ya tuta ndiyo inayoamsha mazungumzo hayo, ingawa maharage si hodari kama kunde katika kazi hii. Nyasi zikiisha kuoza, naitrojeni hufunguliwa, na ulezi huikuta.

Katika miaka ya 1970 na 1980 Rukwa ilihesabiwa miongoni mwa mikoa minne mikuu ya mahindi, ikisaidiwa na mbolea ya chumvichumvi yenye ruzuku. Ruzuku ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, bei ilipanda, na aliyekwisha kuliacha tuta alikosa yote mawili.

Mfipa hakujua jina la kemikali hata moja. Alijua lipi litangulie na lipi lifuate, na ujuzi huo haununuliwi dukani.