Vitabu vya Nota Vilivyochorewa Watoto

Miongoni mwa vitu vikongwe vinavyotafutwa na wakusanyaji wa Ulaya, vimo vitabu vya nota vilivyotungiwa watoto na kupambwa kwa picha za rangi. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuuliza: haya yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa mtoto huionja lugha yake katika wimbo kabla ya kuijua sarufi, nasi twajua jinsi wimbo upoteavyo usipoandikwa.

Mwaka 1877, huko Uingereza, mchoraji Walter Crane alitoa The Baby's Opera. Nyimbo zilikuwa za kale, za mabibi na mayaya. Dada yake, Lucy Crane, ndiye aliyezipanga nota. Mchapaji Edmund Evans alitumia vibao vya mbao vilivyochongwa, kila rangi na kibao chake, hata karatasi moja ikapita mashinani mara kadhaa. Kibao kikisogea kidogo tu, wekundu wa shavu huangukia nje ya uso. Wauza vitabu walitikisa vichwa: shilingi 5 kwa kitabu kidogo cha mraba, tena kisicho na nakshi za dhahabu! Nakala 10,000 za kwanza hazikutosha, ikalazimu kuchapa tena.

Wafaransa hawakukawia. Mwaka 1883 Louis-Maurice Boutet de Monvel alichora Vieilles chansons et rondes, na muziki ukatayarishwa na Charles-Marie Widor, mpiga kinanda wa kanisa la Saint-Sulpice mjini Paris. Mimi nakipenda hiki kuliko kile cha Waingereza: picha na nota hukaa ukurasa mmoja kama majirani wapatanao. Kisha, mwaka 1913, Claude Debussy alitunga La boîte à joujoux kwa ajili ya bintiye, Chouchou, na André Hellé akaichora. Debussy hakuiona jukwaani. Alifariki mwaka 1918. Ikachezwa mwaka 1919, mwaka ule ule binti naye alipofariki, hajatimiza miaka 14.

Sasa twafika penye uchungu. Wako wafanyabiashara wanaovikata vitabu hivi kwa wembe na kuuza picha moja moja, zikiwa ndani ya fremu. Faida yao ni kubwa kuliko wakiuza kitabu kizima. Mnunuzi hutundika ukutani picha nzuri, na wimbo ulio upande wa pili wa karatasi hugeuziwa ukuta, usisomwe tena.

Hata wakusanyaji waungwana wana kasoro yao. Wao husaka nakala safi, isiyoguswa, na huilipia bei ya juu. Lakini nakala safi ni ile ambayo hapana mtoto aliyeiimbia. Ile yenye pembe zilizokunjika, na namba za vidole zilizoandikwa kwa penseli juu ya nota ili mwanafunzi asikosee kinandani, hutupwa katika kapu la vitu rahisi mlangoni pa duka. Humo ndimo ningeanza kutafuta.