Mtoto wa Punda Alishwe Kiasi Gani? Jibu Limo Katika Historia Yake

Ndugu mkulima, hapa Singida tunamtwika punda karibu kila kitu: madumu ya maji, magunia ya alizeti, uwele, kuni. Lakini akizaa, wengi wetu hatujui mtoto wake ale kiasi gani. Tunamwita ndama wa punda, basi tunamlisha kama ndama. Hapo ndipo tunapompoteza. Hebu tuangalie kosa hili limetoka wapi.

Punda ni mnyama wa Afrika hii hii. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa alianza kufugwa upande huu wa mashariki, miaka kama 7,000 iliyopita. Babu zake, punda-mwitu wa Pembe ya Afrika, waliishi penye mawe na majani makavu. Mnyama wa namna hiyo hula kidogo kidogo, kutwa nzima, huku anatembea. Maziwa ya jike nayo ni mepesi. Mafuta yake hayafiki hata nusu ya yale ya ng'ombe, ila sukari ni nyingi zaidi. Mtoto hunyonya mafunda machache, anaacha, anarudi tena, usiku na mchana.

Misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Tabora ilivuka Mgunda Mkali, pori kavu ambalo sehemu yake leo iko Manyoni. Mizigo mingi ilibebwa na wapagazi, na punda walikuwemo pia. Farasi ndio hawakuweza. Wale 2 wa Stanley mwaka 1871 walikufa mapema, hata kabla ya kufika Ugogo.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikaingia sotoka na kufagia ng'ombe. Tangu hapo serikali zote, ya Mjerumani, ya Mwingereza na yetu wenyewe, zilihangaika na ng'ombe: chanjo, majosho, mbegu bora, mpaka kule Mpwapwa ikazalishwa aina yake ya ng'ombe. Punda hashikwi na sotoka. Nadhani ndiyo sababu alisahauliwa. Hata sisi mabwana mifugo, chuoni tulisoma ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Punda alipitiwa juu juu tu. Basi mkulima akimwuliza bwana mifugo, anajibiwa habari za ndama!

Na hasara yake si ndogo. Punda hubeba mimba mwaka mzima, pengine na zaidi, tena kwa kawaida huzaa mmoja tu. Biashara ya ngozi iliwamaliza punda wengi katika Afrika, mpaka wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana Februari 2024 kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Ukimpoteza mtoto leo, kumpata mwingine ni kazi.

Sasa kiasi. Mtoto mwenye mama usimpimie kitu. Hakikisha tu amenyonya dang'a ndani ya saa chache za kwanza, maana kinga yake imo humo. Chakula chake ni mama yake: mpe mama majani na maji ya kutosha, na usimtwike mzigo miezi 3 ya kwanza. Jike anayeshinda njiani na madumu, mtoto kafungwa nyumbani, huyo mtoto ana njaa hata kama mama ana maziwa. Aendelee kunyonya mpaka miezi 6.

Akifiwa na mama, maziwa ya ng'ombe yatamfaa, lakini si kama yalivyo. Yaache yatulie, engua mafuta yaliyopanda juu, tia glukosi ya dukani vijiko 4 vya chai kwa lita, uyape joto la mwili. Mtoto wa kilo 12, siku ya kwanza apate lita 1 na robo hivi, igawanywe mara 12, kila baada ya saa 2, na usiku pia. Baada ya hapo uongeze taratibu siku hadi siku, mpaka kufikia lita 2 na nusu. Usimpe lita nzima kwa mkupuo asubuhi ukadhani umemaliza kazi, ataharisha. Pumba na nafaka ngoja kwanza, aanze na majani laini. Kila wiki pitisha mkono ubavuni: mbavu uzisikie kwa vidole bila kuziona kwa macho. Ukiziona, au akiharisha zaidi ya siku moja, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo.